Chumvi Haitengenezi Erthi

Erthi ya nyumba ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba vyuma vyote ambavyo mtu anaweza kuvigusa kwa pamoja, kuanzia pasi na friji hadi bomba la maji na ukuta wa mabati, havipishani volti hata mkono mmoja ukishika hiki na mwingine ukashika kile. Ya pili ni kuufungulia umeme uliovuja njia ya kurudi kwenye transfoma, ili kifaa cha ulinzi kiutambue na kuukata kabla mtu hajaumia. Jambo lolote linalofanywa kwenye erthi hupimwa kwa kazi hizo mbili. Lisilosaidia hata moja ni kazi bure. Linaloficha ubovu ni baya zaidi, kwa sababu mwenye nyumba huacha kuogopa kitu ambacho bado kinapaswa kuogopwa.

Katika mji wa Isiolo, kutoka Bulapesa hadi Kulamawe na Kambi Garba, watu wanaojifanyia kazi ndogondogo za stima nyumbani huuliza swali lilelile kila kiangazi kinapokolea: zimwagwe kilo ngapi za chumvi kwenye shimo la rodi? Swali hilo halina jibu, kwa sababu limekosewa tangu mwanzo. Anayetaka kujua idadi ya kilo amekwisha kukubali mambo mawili yasiyo ya kweli: kwamba rodi peke yake ndiyo inayomkinga mtu na shoti, na kwamba uzuri wa rodi hujulikana kwa balbu.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Holda ya balbu hufungwa nyaya mbili, mmoja huingizwa kwenye laivu ya soketi na wa pili kwenye tundu la erthi. Balbu ikiwaka vizuri, watu husema erthi iko sawa. Ikiwaka hafifu, au isipowaka kabisa, mtoto hutumwa dukani kuleta chumvi, ndoo mbili tatu za maji humwagwa juu yake, na baada ya muda mfupi balbu hung'aa. Wote waliosimama hapo wameona kwa macho yao. Walichokiona ni kweli, ila hakithibitishi kile wanachodhani.

Ukinzani wa rodi, yaani kiasi ambacho inazuia umeme kupita kwenda ardhini, hautokani na chuma bali na udongo unaoizunguka. Rodi ya urefu wa mita 1.2 na unene wa milimita 16, ikipigwa katika udongo wenye mfinyanzi na unyevu, hutoa takriban omu 70. Rodi hiyohiyo katika mchanga mkavu na changarawe, udongo ambao mkazi wa Isiolo anaujua vizuri, hutoa omu 700 au zaidi. Kununua rodi nene zaidi hakusaidii sana: unene ukiongezwa mara mbili, ukinzani hupungua kwa asilimia 13 hivi. Urefu ndio wenye faida. Rodi ya mita 2.4 hutoa zaidi kidogo ya nusu ya ukinzani wa ile ya mita 1.2, na mara nyingi faida huwa kubwa kuliko hapo kwa kuwa ncha yake hufika mahali ambapo udongo haukauki haraka.

Sasa hesabu inayohitajika ni ya darasa la sekondari. Waya wa laivu ukigusa bodi ya friji, volti 240 zinasukuma umeme kupitia waya wa erthi, rodi, ardhi, erthi ya transfoma, na kurudi. Kama rodi ina omu 700, mkondo unaopita ni ampea 0.34. Breka ya ampea 32 inayolinda soketi, ile ya aina ya kawaida ya nyumbani, huruka papo hapo mkondo unapofika mara tatu hadi tano ya kiwango chake, yaani ampea 96 hadi 160. Kwa hiyo breka haisikii kitu. Friji inaendelea kuunguruma, taa zinaendelea kuwaka, na bodi ya friji imebaki na karibu volti 240 zote, ikimsubiri mtu wa kwanza atakayeigusa akiwa miguu mitupu.

Mwenye nyumba akimwaga chumvi na maji, tuseme ukinzani unashuka kutoka omu 700 hadi 200. Ni mafanikio makubwa kwa macho ya mtu mwenye balbu. Kwa breka, mkondo umepanda kutoka ampea 0.34 hadi ampea 1.2, na ampea 1.2 bado iko mbali mno na 96. Breka haitaruka leo wala kesho. Ili iruke papo hapo kwa uhakika, njia nzima ya kurudi kwenye transfoma ingepaswa kuwa na ukinzani wa omu 1.5 au chini yake, na hakuna rodi moja ya nyumbani, iwe Isiolo iwe Mombasa, itakayofika hapo hata ikizikwa ndani ya gunia la chumvi.

Kuna hasara nyingine ambayo mpangaji huilipa bila kujua. Umeme huo wa ampea 1.2 unaovuja usiku na mchana hupita kwenye mita kama umeme mwingine wowote. Ni wati 288, karibu yuniti 7 kwa siku. Mtu analalamika kwamba tokeni zinaisha haraka, anamlaumu jirani, anailaumu mita, huku yuniti zake zinapasha joto udongo nyuma ya choo.

Rudi kwenye balbu. Balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya wa ndani unaong'aa, ina ukinzani wa takriban omu 960 ikiwa imewaka. Rodi ya omu 100 ikiwekwa kwenye mstari mmoja na balbu hiyo, balbu hupata zaidi ya volti 215 na kuwaka bila tofauti ambayo jicho linaweza kuitambua. Kipimo hiki hakitofautishi omu 5 na omu 100. Taa za LED zimekiharibu hata zaidi. LED ya wati 9 hutumia mkondo mdogo sana, na nyingi zimetengenezwa ziwake kwa mwanga uleule hata volti zikipungua sana. Ikiunganishwa kwenye rodi mbovu ya omu 700, itawaka kama imewekwa kwenye dari. Anayesema erthi ni nzuri kwa sababu LED imewaka hajapima chochote.

Ubaya wa balbu hauishii kwenye udanganyifu. Wakati balbu ya wati 60 inawaka hafifu kupitia rodi ya omu 700, volti zilizokosekana kwenye balbu hazijapotea. Ziko kwenye rodi, na kwa kuwa nyaya zote za erthi za nyumba hukutana kwenye kipande kimoja cha shaba ndani ya sanduku la breka, ziko pia kwenye kila kitu kilichofungwa waya wa kijani: jiko la umeme, friji, pampu, bodi ya mashine ya kufulia. Kwa mfano huu ni zaidi ya volti 100. Watu watano wamesimama kuitazama balbu sebuleni, na jikoni kuna mtu ameshika mpini wa friji. Kipimo cha usalama kinachoweza kumuua mtu wa chumba cha pili hakistahili kuitwa kipimo.

Katika nyumba iliyofungwa kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho mafundi hukiita RCD, balbu hiyo haitawaka. RCD itakata papo hapo, kama inavyopaswa. Kwa masikitiko, wapo wanaolitafsiri tukio hilo kuwa RCD ni mbovu na kuing'oa ili waendelee na balbu yao. Wameondoa kitu pekee kilichokuwa kikiwalinda ili wapate nafasi ya kupima kitu kisichoweza kuwalinda.

Hapa ndipo swali la chumvi linapokufa. RCD ya kawaida ya nyumbani hukata mkondo unaovuja ukifika miliampea 30, yaani sehemu 3 kwa 100 za ampea moja. Katika ile nyumba yenye rodi mbovu ya omu 700 iliyo kavu, isiyo na punje ya chumvi, friji ikivuja huvuta ampea 0.34, zaidi ya mara kumi ya kinachohitajika. RCD inakata kabla jicho halijapepesa. Na uvujaji ukiwa mdogo, ule unaokaribia tu miliampea 30, volti kwenye bodi ya friji hazizidi 21, chini ya kiwango cha 50 ambacho wahandisi wamekubaliana kukihesabu kama mpaka wa hatari katika mahali pakavu. Kwa hesabu hiyo rodi ingeweza kufika omu 1,667 na ulinzi ukawa bado unafanya kazi. Kanuni za nyaya za Uingereza, BS 7671, ambazo mafundi wengi wa Kenya wamefundishwa kwazo, hushauri isizidi 200, kwa sababu rodi yenye omu nyingi kuliko hizo haiaminiki udongo ukikauka. Nyumba yenye rodi ya wastani na RCD nzima ni salama kuliko nyumba yenye rodi iliyotiwa chumvi kila mwezi bila RCD. Tofauti baina ya nyumba hizo ni kubwa mno kiasi kwamba kujadili kilo za chumvi ni kupoteza muda.

Hata kama mtu angeamua kuiacha RCD na kubaki na chumvi, chumvi yenyewe haidumu. Umeme hausafiri ndani ya punje ya chumvi. Husafiri ndani ya maji yaliyoyeyusha chumvi. Chumvi kavu katika mchanga mkavu haipitishi umeme, kwa hiyo kilichoushusha ule ukinzani siku ya balbu kilikuwa ndoo za maji kwa kiasi kikubwa. Kati ya Juni na Septemba jua la Isiolo hukausha shimo hilo kwa siku chache, na erthi hurudi pale ilipokuwa. Mvua za vuli zikinyesha Oktoba hadi Desemba, maji huibeba chumvi chini na pembeni, mbali na rodi. Aliyepima siku ya kumwaga amepima siku bora ya mwaka mzima, ilhali ajali haichagui siku.

Kinachobaki ni kutu. Rodi nyingi madukani ni chuma kilichopakwa shaba. Ikipigwa nyundo katika ardhi yenye mawe meusi ya volkano, ganda la shaba hukwaruzwa, na chuma kilichoachwa wazi karibu na shaba, ndani ya maji ya chumvi, huliwa haraka kuliko ambavyo kingeliwa kikiwa peke yake. Wengine hawatumii rodi bali kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi, nacho hakina hata ganda la kukwaruzwa. Shimo la namna hiyo likifukuliwa baada ya misimu michache, sehemu ya juu ya rodi huonekana nzima, na klampu ipo mahali pake imefunikwa ukoko wa kijani na mweupe. Klampu ikigeuzwa kwa mkono, waya unachomoka, na chini yake chuma kimekuwa chembamba kama penseli iliyochongwa. Waya wa kijani ulikuwa umeshikilia ukoko. Makaa ya mawe au ya kuni yanayoongezwa na baadhi ya watu hayabadilishi hukumu: makaa ya jikoni ni kipitishi hafifu, na kaboni ikigusana na chuma chenye unyevu huongeza kuliwa kwake.

Na katika kaunti ya wafugaji kuna sababu ambayo haimo vitabuni lakini inatosha peke yake. Mifugo hufuata chumvi. Mbuzi akikuta udongo uliotiwa chumvi nyuma ya nyumba ataulamba. Wakati wa hitilafu, volti nyingi hushuka ndani ya mita moja au mbili za kwanza kuzunguka rodi, kwa hiyo hapo ndipo tofauti ya volti kati ya mguu wa mbele na wa nyuma wa mnyama inapokuwa kubwa kuliko mahali pengine popote uani. Mwenye chumvi amewaita mbuzi, na watoto wanaowafuata mbuzi miguu mitupu, wasimame mahali pabaya kuliko pote.

Ardhi kavu si kisingizio, maana tatizo lake lilitatuliwa zamani na kwa njia nyingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi wa Marekani Herbert Ufer alitakiwa kuweka erthi kwenye maghala ya mabomu ya jeshi huko Arizona, katika ardhi kavu. Badala ya kuhangaika na udongo, alitumia nondo za chuma zilizokuwa tayari ndani ya zege la msingi. Zege lililozikwa hufyonza unyevu mdogo uliopo ardhini na kuushikilia, na chuma kilicho ndani yake hakiliwi haraka kwa kutu. Alipoyapima maghala hayo miaka mingi baadaye, ukinzani ulikuwa bado omu chache tu. Kwa anayejenga sasa huko Kiwanjani au Tulu Roba, nondo za msingi zilizofungwa pamoja kwa waya wa kufungia, na kipande kimoja kilichoachwa kikijitokeza karibu na mahali pa sanduku la breka, ni erthi bora kuliko rodi yoyote atakayonunua. Sharti lake ni kukumbukwa kabla zege halijamwagwa, na zege liguse udongo moja kwa moja bila karatasi ya nailoni katikati.

Kuna mbinu ya pili ambayo haistahili mjadala mrefu, ila ni lazima itajwe kwa sababu inaua. Mtu akikosa waya wa erthi kwenye soketi, huunganisha tundu la erthi na nyutro kwa kipande kifupi cha waya ndani ya soketi ileile. Kila kipimo cha kubahatisha kitasema erthi ipo. Siku nyutro itakapolegea kwenye nguzo, kwenye mita au kwenye skrubu moja ya sanduku, umeme uliopita ndani ya balbu au friji utakosa njia ya kurudi, nao utafuata kile kipande cha waya hadi kwenye bodi ya kila kifaa kilichochomekwa. Hapo hakuna hitilafu ndani ya kifaa chochote. Vyote ni vizima, na vyote vinapiga shoti. Kipande hicho kikionekana, kitolewe siku hiyohiyo. Soketi isiyo na erthi kabisa ni afadhali, maana angalau haidanganyi.

Vipimo vingine vya mkononi vina mipaka yake, na watu wengi huivuka. Bisibisi ya testa huwasha kitaa chake kwa mkondo mdogo sana unaopita mwilini mwa anayeishika. Inaweza kuonyesha kwamba kuna umeme. Haiwezi kuthibitisha kwamba hakuna: juani kitaa hakionekani, na mtu aliyesimama juu ya stuli ya plastiki anaweza kukikuta hafifu mno. Kuhusu erthi haisemi lolote. Tundu la erthi lililounganishwa vizuri halimulikishi testa, na tundu ambalo waya wake ulikatwa na kukunjwa nyuma ya soketi nalo halimulikishi. Multimita nayo hudanganya kwa namna ya kistaarabu zaidi. Ikiwekwa kati ya laivu na erthi husoma 240 na mtu huridhika. Lakini multimita ya kidijitali ina ukinzani wa ndani wa omu milioni 10 hivi, kwa hiyo hata erthi yenye omu 100,000, ambayo ni sawa na kutokuwa nayo, itasomwa 238. Volti haziwezi kupima erthi.

Kitufe cha T kwenye RCD nacho hueleweka vibaya. Kikibonyezwa, kifaa hujitengenezea uvujaji mdogo ndani yake chenyewe na kukata. Hilo linathibitisha kwamba mashine ya ndani inafanya kazi, na kibonyezwe mara kwa mara kwa sababu hiyo. Halithibitishi kwamba kuna erthi. RCD iliyo katika nyumba isiyo na rodi hata moja itaruka kitufe kikibonyezwa. Katika nyumba hiyo itakata pia siku mtu atakapogusa friji inayovuja, ila njia ya uvujaji itakuwa ni mwili wake.

Yanayowezekana kufanywa nyumbani ni machache na hayachukui muda. Kabla ya kugusa waya wowote, swichi kuu izimwe na mtu mwingine azuiwe kuiwasha, kwa kufuli au kwa kuambiwa waziwazi. Stima kupotea mtaa mzima si kuzima, kwa sababu hurudi bila taarifa. Tokeni kuisha pia si kuzima, kwa sababu mpangaji mwingine anaweza kuziingiza wakati kazi inaendelea. Nyumba yenye sola na inveta huwa na chanzo cha pili, na chanzo hicho kizimwe pia. Multimita ijaribiwe kwanza kwenye soketi inayojulikana ina umeme, kisha ipime sehemu ya kazi mara tatu, laivu kwa nyutro, laivu kwa erthi, nyutro kwa erthi, halafu irudishwe kwenye chanzo kinachojulikana kuhakikisha haijafa katikati ya kazi. Chanzo hicho kinaweza kuwa soketi ya nyumba ya jirani. Rangi zisiaminiwe peke yake: nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi na kijani, za sasa zina kahawia, buluu na kijani chenye njano, na nyumba zilizoongezwa vyumba zina zote.

Umeme ukiwa umezimwa, multimita ikiwekwa kwenye omu, upande mmoja kwenye kipande cha shaba cha erthi ndani ya sanduku na mwingine kwenye tundu la erthi la kila soketi kwa waya mrefu, inapaswa kusoma chini ya omu 1 baada ya kutoa ukinzani wa waya mrefu wenyewe. Waya wa erthi wa milimita 1.5 mraba una omu 0.24 kwa mita 20, kwa hiyo soketi inayosoma 3 au 4 ina skrubu iliyolegea mahali. Klampu ya rodi ikazwe na isizikwe, ibaki ndani ya kisanduku kinachofunguka. Rodi moja isipotosha, ipigwe ya pili umbali usiopungua urefu wa rodi, na ziunganishwe. Zikiwa zimekaribiana hazisaidiani. Mahali pazuri ni penye kivuli na unyevu wa kudumu, mbali na njia ya watu na zizi. Ukuta na paa la mabati, na bomba la chuma la maji, viunganishwe kwenye erthi kuu kwa waya wa kijani na njano.

Yaliyobaki ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona. Kufunga RCD kwenye sanduku, kufunga shawa ya umeme, kugusa chochote upande wa mita na muhuri wa Kenya Power: hakuna kati ya hayo linalofaa kujifunzwa kwa kubahatisha. Fundi aulizwe kama ana mashine ya kupima ukinzani wa erthi, ile inayotumia vijiti viwili vya ziada vinavyopigwa ardhini mbali na rodi, au kifaa cha kupima njia nzima ya kurudi. Asiye nayo na anayetoa balbu mfukoni amejibu swali. Aulizwe pia nambari kamili aliyoipata, maana "iko sawa" si nambari.

Shawa ya umeme ndiyo ya kutangulizwa. Ngozi iliyolowa hupoteza sehemu kubwa ya ukinzani wake, maji hupita moja kwa moja juu ya kipasha moto chenyewe, na mtu amesimama kwenye sakafu iliyounganishwa na ardhi. Mkondo wa miliampea 10 hivi hutosha kumfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika, na ukizidi miliampea 30 kwa muda moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Kuwashwa kidogo vidoleni unapogusa bomba la shawa, jambo ambalo wapangaji wengi huambiwa ni la kawaida, ni umeme uliokosa njia nyingine. Shawa hiyo izimwe kwenye swichi yake na isitumiwe hadi RCD na erthi zipimwe.

Wakati wa kupima ni Septemba, udongo ukiwa umekauka kuliko wakati wowote na kabla vuli haijaanza, kwa sababu rodi inayofaa Septemba itafaa mwaka mzima. Wenye ploti za kupangisha wamwite fundi mwezi huo, nambari aliyoipata na tarehe viandikwe kwa wino ndani ya kifuniko cha sanduku la breka, na mpangaji yeyote aruhusiwe kufungua kifuniko na kusoma.